Maandishi ya Jaani

Kuna harufu moja nikiipata tu, hata niwe nimekaa na wageni na kikombe cha chai mkononi, vidole vya miguu hunikunjika vyenyewe ndani ya kiatu. Ni harufu ya taka za nyumbani zinazochomwa mbichi: maganda ya muhogo, matumbo ya samaki, nepi, na humo ndani plastiki inayoungua taratibu na kukuachia ulimini ladha ya chuma. Wenzangu hufunga dirisha wakalaani. Mimi huinama kutazama ninapokanyaga. Wewe uliyekulia kwenye majumba kama yetu, miaka kama yetu, huenda una lako linalokufanya uiname. Langu mimi ni boksi la maziwa.

Majumba yetu ya ghorofa yalikuwa mawili, yametazamana pembezoni mwa mji wa Chake, Pemba, na katikati yake kiwanja. Waliojenga walitukusudia kheri. Walitusimamishia pembea za mabomba mazito, mtelezo wa bati, na gurudumu la chuma la kuzungukia ambalo sikuwahi kuliona likizunguka. Mama aliliona. Alizoea kutusimulia jinsi alivyoletwa pale bi harusi, jioni kiwanja kimejaa watoto, na yeye mwenyewe, mtu mzima na buibui lake, akisubiri watu wapungue ili naye akae kwenye pembea. Tulipopata akili mimi na mdogo wangu Riziki, pembea zilikuwa minyororo mitupu inayolia upepo ukipita, na mtelezo umetoboka kwa kutu. Halafu likaja jaa.

Jaa halina baba. Sijawahi kumsikia mtu akikiri kwamba yeye ndiye aliyeweka la kwanza. Nadhani mtu mmoja alisahau pakacha la makumbi ya nazi kwenye pembe ya kiwanja, mwenzake akaona kumbe hapa panawekwa vitu, na gari la taka lililokuwa likija siku likijisikia likaacha kujisikia kabisa. Jumba letu lilisema taka ni za jumba la pili. Jumba la pili lilisema taka ni zetu. Wanawake walirushiana maneno kutoka dirisha hadi dirisha, wakimaliza kila mmoja akamwita mwanawe, akampa ndoo na kumwambia: "Kamwage, na usiniletee kukaa huko jaani!" Yaani yeye yule anayekutuma ndiye anayekukataza. Hadi leo nikilikumbuka hilo damu hunichemka. Tungecheza wapi, juu ya paa?

Ili tusikae, tulitishwa. Bibi yetu, mama yake Mama, tuliyekuwa tukiishi naye, alisema jaani kuna wenyewe, yaani mashetani, na wenyewe hawapendi kukanyagwa, hasa magharibi. Sisi watoto tuliamini, lakini tulikuwa na kinga yetu, na kinga hiyo tuliitoa chuoni.

Maalim Faki alitusomesha Kurani kwenye baraza ya msikiti nyuma ya jumba letu. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini, na nilimwogopa kuliko wenyewe wa jaani. Siku moja mtoto alirarua juzuu, karatasi ikaanguka chini, mwenziwe akaipita juu. Maalim hakumpiga. Aliinuka, akaiokota ile karatasi, akaipuliza vumbi, akaibusu, akaipachika juu kabisa kwenye tundu la ukuta. Akatwambia neno la Mungu halikai chini ya miguu. Ukiliona limeanguka, popote pale, liokote, liweke pa juu, nalo litakuombea. "Na atakaelikanyaga kwa makusudi," akasema, "na aliogope guu lake."

Basi tulikuwa tunasoma bila kufahamu, kama mnavyojua. Mtoto wa miaka saba wa Pemba alikuwa akikusomea sura nzima kwa ghunna na idghamu, kanuni zote za kisomo, ukimuuliza maana anakukodolea macho. Kwetu sisi herufi za Kiarabu zilikuwa za Mungu, basi. Hatukujua kwamba kuna nchi watu huandikia nazo bei ya vitunguu.

Na jaa letu lilikuwa limejaa herufi hizo. Ghorofa ya juu yetu alikaa Bi Zuwena, mwanamke mweupe, mnene, mwenye cheko, wa zile jamaa zilizokuwa na mashamba zamani na sasa zina ndugu Maskati. Ndugu hao walimletea maboksi: maziwa ya unga, biskuti, sabuni, juisi za unga, tende. Alivyokuwa mkarimu, nusu yake ilikuwa yetu. Lakini maboksi matupu yaliishia pale pale yanapoishia maganda yetu ya muhogo, na kila upepo ulipovuma, maneno ya Mungu yalitapakaa kiwanja kizima.

Mimi ndiye niliyeyaona. Nilisimama na ndoo tupu mkononi, nikaona alifu, lamu, hee, yamejaa matope, na kuku anayapekua. Moyo ulinipasuka. Nilijaribu kuyasoma nikashindwa, kwa sababu hayakuwa na irabu hata moja, na jambo hilo badala ya kunishtua lilinizidishia khofu. Nilidhani ni Kurani ya juu zaidi, ya watu wazima, wasiohitaji irabu. Tokea siku hiyo mimi na Riziki tukawa na kazi. Tukitumwa taka, tunaokota. Tunapuliza vumbi, tunabusu (na Mungu atusamehe, mengine yalinuka dagaa), tunayapeleka kwenye ngazi za jumba letu, ambako ukuta ulijengwa kwa matofali ya matundu ya kupitisha hewa. Kila tundu lilijaa kipande cha boksi. Watu wazima walipita hapo asubuhi na jioni, na hakuna aliyeuliza.

Riziki alikuwa na miaka mitano. Alikuwa mwepesi, mbishi, kila kitu alitaka kukifikia kabla yangu. Alasiri ile tulikuwa chini ya pembea, na kwenye ule mwinuko wa taka niliona boksi kubwa limekunjuliwa, maandishi yake ya buluu yametazama juu, mengi kuliko yote tuliyowahi kuyapata. Nilisema, "Lile!" Naye akaruka. Hakulifikia kwa mkono. Alilifikia kwa mguu, peku, uzito wote.

Alitoa sauti ndogo tu, kama mtu aliyekwamwa na tonge. Akainua mguu, na boksi likainuka nao, limemganda. Nililivuta likatoka. Nikautazama unyayo wake: kijitundu kidogo, hakuna damu ya maana. Kilichonitoa roho si hicho kitundu. Kilichonitoa roho ni kwamba mdogo wangu amekanyaga neno la Mungu, katikati kabisa, mbele yangu.

Nililikimbiza boksi ngazini nikalisokomeza kwenye tundu la juu nililoweza kulifikia, nikambeba Riziki mgongoni, nikapanda naye mpaka kwetu. Mama alikuwa anakuna nazi. Nikamwambia kama lilivyo, maana hata siku moja sikufikiria kuficha: "Mama, Riziki kakanyaga maandishi ya Mungu."

Mbuzi ya kukunia ikaanguka. Mama aliutazama ule mguu, akauona mzima, akamtazama mtoto usoni, akaona machozi. "Astaghfirullahi," akasema. "Wapi?"

"Jaani."

Bibi akatoka chumbani na tasbihi yake. "Jaani? Na wenyewe je, kawakanyaga pia?"

Hapo ndipo kila kitu kilipopinda. Kama ningesema amechomwa na kitu, Mama angekwenda kutafuta kitu. Mimi nilisema alichokanyaga, nilivyokiona kwa macho yangu, na watu wazima wawili wenye akili zao wakanisadiki. Riziki aliogeshwa, akatubishwa, akavishwa nguo safi. Bibi akapika uji wa sadaka tukawagawia watoto wa majumba yote mawili. Mguu wenyewe ulifutwa kwa maji ya baridi tu. Baba hakuwepo. Ulikuwa msimu wa karafuu, naye yuko Mgogoni shamba, na simu ya mkononi kwa wakati ule ilikuwa kwa watu wa kuhesabika.

Siku ya kwanza Riziki alicheza. Ya pili alichechemea. Halafu unyayo ukavimba, ukawa unang'aa, na homa ikampanda hata mkeka anaolalia ukawa wa moto. Bibi akasema ndio kalamu ya Mungu inaandika. Mama alikaa na mguu wa Riziki mapajani akausomea mpaka sauti ikamkauka. Mimi nilikaa pembeni ya mlango nikiutazama ule uvimbe ukipanda kuelekea kifundoni, na nilijua kwa yakini kwamba ukifika gotini Mungu atakuwa amemaliza hesabu yake na mdogo wangu. Sikulala, sikula, niliogopa hata kwenda haja peke yangu. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwogopa Mungu kama unavyomwogopa mtu.

Bi Zuwena aliteremka na maziwa. Alimgusa Riziki shavuni akasema, "Huyu apelekwe spitali."

"Ashapelekwa kwa Mola wake," Bibi akamjibu. "Hili si la spitali, Bi Zuwena. N'toto kakanyaga jina la Mungu."

Bi Zuwena alikuwa mcha Mungu naye. Akashika mdomo wake, akarudi juu.

Jioni yake Riziki alikataa uji. Mama alipeleka kijiko, meno yakawa yamefungwa. Akapeleka tena. Bibi akatoka kwa haraka bila hata viatu, na aliporudi alikuwa na Maalim Faki, aliyebeba sahani nyeupe na zafarani kwa ajili ya kuandika kombe, aya zinazooshwa kwa maji mgonjwa akanywa.

Maalim hakuandika. Aliketi, akasalimiana na Mama, akamtazama mgonjwa, akaniita. "Saumu, njoo hapano. Nambie, alikanyaga nini?"

Nikamwambia.

"Maandishi yenyewe yawapi?"

"Nimeyaweka pa juu, Maalim. Kama ulivyotusomesha."

"Nenda ukayalete."

Magharibi ilikuwa imeingia na umeme haukuwepo. Nilishuka zile ngazi nikipapasa ukuta, na kila tundu nililogusa lilikuwa na kipande nilichokipachika mimi, vinachakarisha kwa upepo kama vinanong'onezana habari zangu. Chini, kiwanjani, minyororo ya pembea ilikuwa inalia. Nilipoligusa lile boksi kubwa nilibusu kwanza, hapo gizani, nikamwombea Riziki asamehewe, nikapanda mbio.

Maalim alilishika kwa heshima, kwa mikono miwili. Akalisogeza kwenye taa ya chemni. Akasoma kimya. Niliuona uso wake ukibadilika, nikadhani hukumu imeandikwa mle, na jina la Riziki limo.

"Hino," akasema taratibu, "ni maziwa ya unga."

Hakuna aliyemfahamu.

"Ni boksi la maziwa, Bi mkubwa. Hapa wasema maziwa ya n'toto aliepindukia mwaka. Hapa wasema namna ya kuyakoroga. Na hapa chini..." Akasoma tena kwa Kiarabu, kisha akatufasiria, akitamka kila neno peke yake: "Weka mji wako safi. Tupa taka mahali pake."

Mama alinigeukia mimi. Lakini Maalim hakuwa anamtazama yeye. Alikuwa ameliinua boksi mbele ya taa, na katikati ya yale maandishi ya buluu, mwangaza ukapenya. Kitundu. Pembezoni mwake palikuwa na duara ya kutu, kahawia, na doa jeusi lililokauka.

"Na hili tundu?" akauliza. "Kalitoboa nani?"

Hakusubiri jibu. Aliuchukua mguu wa Riziki, akauminya pale penye alama, na Riziki akapiga ukelele ambao hakuupiga hata siku ile yenyewe. Ukatoka usaha.

"Nsumari," Maalim akasema. Sauti yake ya chini ilikuwa imepanda. "N'toto kachomwa nsumari wa kutu, nyie mwampikia uji wa sadaka! Mdharau mwiba guu huota tende. Riziki, mwanangu, fungua kinywa. Fungua, mama. Fungua nikuone."

Meno yalikuwa yamefungwa. Maalim akamsogezea taa. Alisema kama anajisemea mwenyewe, "N'toto wa ndugu yangu kule Chokocho alianza vivi, pepopunda likamchukua." Mama aliposikia hivyo alimshika Riziki kwa taya zote mbili akamwita jina lake kwa sauti ambayo nadhani hata jumba la pili waliisikia.

Riziki akafungua. Kidogo, kisha kinywa kizima, akalia. Alikuwa ameyakaza kwa woga tu, na kwa ubishi wake.

"Alhamdulillahi, bado," Maalim akasema, akamnyanyua pale pale, sahani ya kombe akaigonga kwa mguu ikabingirika, akateremka naye ngazi. Mwanawe Bi Zuwena alikuwa na pikapu. Mama alipanda mbele bila buibui, na kanga moja, na kwa mwanamke kama Mama hilo lilikuwa jambo.

Hospitali walimpasua unyayo, wakamsafisha, wakamchoma sindano, na daktari akasema maneno machache ambayo Mama hakutaka kuyarudia kwetu hata baada ya miaka. Riziki alirudi nyumbani. Alirudi na kovu, na kidole kikubwa cha mguu kisichokunjika mpaka leo.

Mama naye alirudi na vita. Alitaka kujua msumari ni wa nani. Boksi lilikuwa la Bi Zuwena, hilo halikuwa na ubishi, maana nani mwengine anayeletewa maziwa ya Maskati? Alishuka kiwanjani asubuhi na mapema, watu wa majumba yote mawili wakiwa madirishani, akiwa na jembe, akifukua lile jaa kwa hasira huku anasema, "Leo atajulikana! Leo atajulikana!" Nilisimama kwenye ngazi, na nilitamani kwa moyo wangu wote ajulikane. Nilikuwa nimepumua kwamba si Mungu, na sasa nilitaka awe mtu, mwenye uso, nimchukie.

Jembe likagonga mbao. Mama akaivuta. Ilikuwa fupi, nene, imechongwa ikazungushwa pembe zake ili isichome mapaja ya mtoto, na kila upande ina misumari iliyokuwa zamani ikishika mnyororo. Mama aliigeuza. Akaitambua kabla yangu. Kilikuwa kikalio cha pembea.

Alisimama nacho kifuani muda mrefu. Nilingoja atukane mtu, na madirisha yote nayo yakangoja. Aliketi palepale, juu ya taka, akalia kama mtoto.

Ningependa kukwambieni kwamba siku hiyo majumba mawili yaliungana. Yaliungana, kwa muda. Watu walichoma lile jaa, na moshi wake ndio huu unaonifuata hadi leo. Maalim alitukusanya chuoni akatusomesha kitu ambacho hakikuwamo kwenye juzuu: akaandika ubaoni ule mstari wa kwenye boksi, pamoja na maana yake, tukauhifadhi. Ndiyo sentensi pekee ya Kiarabu ninayoisoma nikaifahamu mwanzo mpaka mwisho. Gari la taka lilikuja, likaja tena, halafu likaacha kujisikia. Na mtu mmoja, asiyejulikana, akasahau pakacha lake kwenye pembe ya kiwanja.

Riziki hakuhama. Ameolewa jumba la pili, kule kwa maadui. Mwezi uliopita nilikwenda kumtazama, na nilipokuwa nakatisha kiwanja nikaona mabomba ya pembea yamekatwa, labda yameuzwa chuma chakavu, vimebaki vigogo vinne vya chuma vimechomoza kwenye taka. Binti yake, wa miaka mitano, alinijia mbio kunipokea, peku. Nilipiga kelele, "Simama hapo hapo!" Maskini alisimama kama nimempiga.

Upepo ulileta kipakti cha juisi mpaka miguuni pangu. Kilikuwa na herufi za Kiarabu. Akili yangu inajua, mtu mzima mimi, na bado siwezi kuzipita. Nikainama, nikakiokota, nikapuliza vumbi. Mtoto akanitazama mikono.

"Mama mkubwa, kumeandikwa nini?"

Nikatafuta upande wa chini, nikauona mstari ule ule, mdogo, buluu. "Wasema: tupa taka mahali pake."

Akageuka kulia, akageuka kushoto, akautazama mlima mzima nyuma yetu, na vigogo vya pembea, na madirisha ya majumba mawili. Alikuwa anauliza kwa dhati, kama mtu anayetaka kwenda kukitupa yeye mwenyewe.

"Na mahali pake ndo wapi?"

Kipakti kilikuwa mkononi mwangu. Nilikibeba mpaka ngazini, nikamshika mkono njia nzima, na nikakipachika kwenye tundu la ukuta.